Mtani Hasifiwi

Rajabu Mapunda hakuwahi kumwamkia Bi Riziki. Hata mara moja. Tangu siku ya kwanza alipoliegesha lori lake la makaa ya mawe pale kwenye uwanja wa malori, njia ya kwenda bandarini Mtwara, akanusa samaki wa kukaanga na kufuata harufu mpaka kwenye benchi la mama ntilie huyo, salamu yake ilikuwa tusi.

"We mtumwa wangu! Babu yangu alimnunua babu yako kwa kipande cha kaniki, na chenji akarudishiwa. Nipakulie ugali!"

"Kaa chini, Mngoni wee! Mlitoka kwa Wazulu mbio, mpaka leo hamjapumua. Nawa mikono kwanza, umejaa masizi mpaka kwenye meno."

Basi hapo benchi zima linaangua kicheko, na Riziki anampakulia mkia wa samaki mkubwa kuliko wa mtu yeyote, huku akiapa kwamba ni wa jana, alikuwa amtupie paka.

Riziki alikuwa Myao wa Masasi. Alikuja Mtwara kuolewa, akaishi Rahaleo na mumewe Issa, wakapata binti mmoja, Hafsa, aliyeolewa Madimba kule kwenye mitambo ya gesi. Na msije mkaniuliza kama mama yake anapikia gesi. Anapikia mkaa, tena ule wa kununua kwa kopo. Rajabu alikuwa Mngoni wa Songea, na Myao na Mngoni ni watani; mababu walipigana wakachoka, vita vikaisha, yakabaki matusi. Wenye akili wanajua kwamba hiyo ndiyo amani bora kuliko zote. Na utani una sheria yake moja ambayo haivunjwi: mtani hasifiwi. Akifanya jema, unaligeuza kuwa ovu, unalitangaza kwa sauti. Kila mtu anayesikia anageuza tena kichwani mwake, anajua jema lilikuwa kubwa kiasi gani.

Issa alipofariki, Rajabu alilaza lori bandarini na kuja msibani na nguo zake za kazi. Jeneza lilipoinuliwa, akajilaza mlangoni. Akasema maiti haitoki, marehemu alikuwa na deni la ngisi. Wazee wakacheka huku machozi yakiwatoka, wakatoa shilingi kidogo, akazikataa, akadai kuku, akapewa kuku, akainuka. Huko makaburini hakuna aliyeshika jembe kwa muda mrefu kuliko yeye. Riziki alipoambiwa, alisema, "Alikuwa anatafuta panya wa kitoweo." Halafu akaingia ndani, akalia kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimemkataa.

Sasa, habari ya reli.

Kusini wameahidiwa reli siku nyingi. Iliwahi kuwepo reli ya karanga enzi za Mwingereza, ikang'olewa, na wajukuu wa walioiona wamezeeka. Safari hii ilisemwa kwamba inakuja ya kisasa, kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay kule ziwani, ibebe makaa ya mawe, korosho na watu. Lakini kabla ya kutandika reli, wenye fedha wanataka kujua treni itabeba nini. Ndipo kampuni moja ya utafiti ilipomleta Martha, binti mwembamba wa miwani, msomi wa uchumi, mwenye kuongea taratibu na kusikiliza kwa makini. Kazi yake ilikuwa kufuatilia soko la usafiri mwezi hadi mwezi: mzigo gani unapita, unatoka wapi, kwa bei gani, abiria wanakwendaje, na treni ikija nani atahama barabara.

Madereva walimkimbia. Dereva wa lori akiona mtu na karatasi, anaona mzani, anaona polisi, anaona kodi. Waliokubali kuongea walimdanganya mpaka mwenyewe akajua. Siku moja akakaa kwenye benchi la Riziki, amechoka, akaagiza wali na mbaazi, na kwa muda wa sahani moja akasikia habari nyingi kuliko alizozipata kwa wiki nzima. Huyu analalamika foleni ya bandarini, yule anasema korosho za Nanyamba zimeanza kushuka, mwingine anasimulia mlima wa Mikindani. Martha akaweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "hawa wanakuambia kila kitu."

"Wanaiambia njaa yao, mwanangu. Mimi nipo tu."

Wakakubaliana. Kila jioni, baada ya kuosha masufuria, Riziki atamtumia Martha ujumbe wa sauti kwa simu, amsimulie siku ilivyokuwa. Majina ya watu hayatatumika popote. Riziki alilisimamia hilo kwa ukali, akamwapisha yule binti kama anayemwoza. Siku iliyofuata akawatangazia madereva bila kuwaficha: jamani, nimepewa kazi, nitasema malori yanabeba nini na yanakwenda wapi, majina yenu hayatatoka popote. Asiyetaka aseme. Wakanung'unika, wakala, wakasahau. Rajabu akasema, "Mtumwa kapata cheo! Sasa ugali utakuwa na mchanga na barua."

Na Riziki aliipenda kazi ile, wacha niseme kweli. Mwanamke aliyepika miaka yote bila kuulizwa chochote isipokuwa kama chumvi ipo, ghafla kuna msomi wa Dar es Salaam anangoja sauti yake. Alikuwa anajiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga begani, anashika simu mbele ya mdomo, anaongea. Martha alimjibu kila siku: ahsante mama, leo umenisaidia sana. Wakati mwingine anauliza jambo. Na jioni moja aliuliza hili: mama, hesabu zangu za abiria haziendi. Mabasi ninayoyaona stendi hayatoshi watu wanaosafiri kwenda Tunduru na Songea. Wengine wanapita wapi?

Riziki akacheka peke yake. Swali hilo jibu lake alikuwa anampakulia mkia wa samaki kila wiki.

Kwani lori la makaa likishashusha mzigo bandarini linarudi tupu, na barabara ya kwenda Songea ni ndefu. Rajabu hakuweza kumpita mtu aliyesimama juani. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayekwenda hospitali Ndanda, atapanda. Mjane anayewahi maziko Tunduru, atapanda. Wanafunzi waliofunga shule wakaliwa nauli na wajanja, watapanda. Lori lenyewe liliandikwa mbele, juu ya kioo, kwa rangi nyekundu: MGENI NJOO. Nauli hakutaka. Akilazimishwa sana alipokea kuku, na kuku wenyewe aliishia kumpa Riziki, akidai ni wa wizi.

Sasa unamsimuliaje mtu kama huyo, naye ni mtani wako? Riziki alisimulia kwa namna pekee aliyoijua. Akabonyeza simu, akavuta pumzi, akaanza:

"Martha mwanangu, umeniuliza abiria. Abiria wa kweli hawako stendi! Wako kwa mwizi mmoja wa Kingoni anaitwa Mapunda, mwenye lori limeandikwa Mgeni Njoo. Lile si lori, lile ni basi! Linashusha makaa hapa, linarudi limebeba ukoo mzima. Yule anauza viti vya tajiri wake, mchana kweupe, tajiri kalala! Mwizi mkubwa! Akifika Masasi kashakula kuku wa watu mpaka kavimbiwa. Treni ikija, wa kwanza kufa njaa ni yeye, na mimi nitakwenda kumzika nikiimba." Akacheka mpaka akakohoa.

Myao akisikia maneno hayo angesema: kumbe Mapunda ni mtu wa watu. Mmakonde angesema hivyohivyo, na Mmakua vilevile. Mtu yeyote wa kusini angesema hivyo.

Zikapita wiki kadhaa. Martha akapiga simu, sauti imechangamka. Kutakuwa na mkutano wa wadau ukumbini mjini, ripoti inasomwa, na yeye anataka watu wasikie sauti ya mwananchi mwenyewe, si michoro tu. Je, mama anaruhusu sauti yake isikike? Majina atayafuta yote.

"Sikilizisha tu, mwanangu," alisema Riziki. Hakuuliza ni sauti ipi. Alijua moyoni kwamba itakuwa ile ya korosho za Nanyamba, aliyoiongea vizuri, kwa Kiswahili cha redioni. Siku ya mkutano akamwachia jirani masufuria, akavaa doti mpya ya kanga, akajifukiza udi, akaenda kukaa mstari wa pili. Mbele yake walikaa maofisa, watu wa vyama vya ushirika vya korosho na wenye malori. Mmoja wa wenye malori alikuwa Mustafa, mtu wa bara aliyeleta magari yake kusini makaa yalipoanza kushuka. Riziki alimjua kwa sura. Ndiye tajiri wa Rajabu.

Michoro ikapita ukutani, ya rangi rangi. Martha akaeleza mizigo, akaelezea bei, akafika kwenye abiria. Akasema kuna soko la abiria ambalo halionekani stendi, na anayelijua ni mama mmoja ambaye leo yumo humu. Akabonyeza.

"Abiria wa kweli hawako stendi!"

Riziki alipoisikia sauti yake ikijaa ukumbi mzima, kwanza alifurahi. Hiyo ndiyo aibu iliyomla baadaye kuliko zote, kwamba kwanza alifurahi. Palipokuwa na jina la Mapunda ukasikika mlio mfupi. Martha alikuwa ametimiza ahadi. Lakini jina la lori halikufutwa. Kwa Martha jina la mtu ni jina la mtu, na maandishi ya kwenye kioo cha lori ni maandishi tu. "...mwenye lori limeandikwa Mgeni Njoo. Lile si lori, lile ni basi!"

Ukumbi ukacheka. Watu wa kusini walicheka kicheko kizuri, cha kumpenda mtu wasiyemjua. Mzee mmoja wa ushirika alipiga makofi. Sauti ikaendelea: anauza viti vya tajiri wake, mwizi mkubwa. Mustafa hakucheka. Aliilaza simu yake kifudifudi mapajani, akatazama ukutani. Kanga mpya ikamwasha Riziki mwili mzima.

Mkutano ulipofungwa alimfuata Mustafa nje, mbio, viatu mkononi.

"Mwanangu, tajiri, simama kidogo. Yule ni mtani wangu. Mimi Myao, yeye Mngoni. Ule ni utani, hauna maana ile. Ukisikia nimesema mwizi, ujue..."

"Mama, shikamoo." Mustafa alisimama. Hakuwa mtu wa kelele. "Nisikilize. Mwaka juzi gari yangu ililala mlimani huko mbele ya Tunduru. Ndani kulikuwa na watu. Dereva aliwapa lifti, kwa huruma tu, si kwa pesa. Wawili tuliwatoa wamekufa, mmoja alikuwa mama na mtoto mgongoni. Mtoto alipona. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia ndugu zao. Bima walinigeuzia uso, lakini hilo acha, si la kusema. Tangu siku ile madereva wangu wote wameapa mbele yangu kwamba habebwi mtu. Na Mapunda aliapa."

Riziki hakulijua hilo. Rajabu hakuwahi kulisema benchini.

"Utani wenu siujui na siugombi," akasema Mustafa. "Nijibu jambo moja tu. Anabeba watu au habebi?"

Haya. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimelala, kwenye ulimi wa mama ntilie mmoja. Neno moja tu, habebi, na Rajabu anaendesha kesho. Riziki alilitafuta neno hilo, nalo lilikuwa karibu sana. Lakini aliona yule mama wa Tunduru na mtoto mgongoni. Aliona pia ngazi za ukumbi zimejaa watu wanaotoka, na wote wameshaisikia sauti yake. Angesema habebi kwa sauti ileile? Mdomo ukafunguka, ukabaki hivyo. Mustafa akangoja kwa adabu. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mama," akaenda kwenye gari yake.

Kunyamaza nako ni kujibu, tena huwezi kusema baadaye ulinukuliwa vibaya.

Rajabu alinyang'anywa ufunguo jioni ileile, bandarini, mbele ya wenzake kwenye foleni. Habari ilifika uwanjani kabla yake. Wenye malori wengine nao wakashtuka, wakatoa amri zao: atakayeonekana na mtu kabini, asirudi. Martha alipiga simu analia. Alikwenda kwa Mustafa mwenyewe, akakubali kosa, akaomba. Mustafa alimpa kiti na chai na hakubadili neno. "Mama, nisamehe," alisema Martha, "mimi nilidhani nakuonyesha kwa watu."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeongea," Riziki akamjibu, na alikuwa na hasira, ila hakupata wa kumpelekea.

Madereva hawakumgomea. Hilo lingekuwa afadhali, mtu ajue amegomewa. Walikuja wakala, wakalipa, wakasema chakula kiko sawa. Lakini mazungumzo yalikwisha. Riziki akikaribia na sufuria, wanaongelea mpira. Akigeuka, wananyamaza hata mpira. Jioni alikaa juu ya ndoo na simu mkononi, akaiweka chini bila kuibonyeza. Martha alingoja siku kadhaa, kisha akamwandikia kwamba hata ukimya ataueleza kwenye ripoti, asijilazimishe. Msichana mwema. Wema wake haukusaidia kitu.

Asubuhi moja utingo mmoja alipita benchini akasema, bila kumtazama mtu, kwamba Mapunda yuko kule juu barabarani na begi lake, anatafuta kwenda kwao. Basi la alfajiri limemwacha.

Riziki akatupa mwiko. Akapakua ugali wa muhogo, akaweka mkia wa samaki mkubwa kuliko wote, akafunika kwa sahani nyingine, akapanda barabarani. Njia nzima alikuwa anatengeneza tusi. Alitaka liwe kubwa, zuri, la kuvunja mbavu, kwa sababu tusi likipokelewa yote yamekwisha. Ndivyo watani wanavyosameheana. Hakuna njia nyingine, na hakuna anayeomba radhi.

Alimwona kwa mbali. Amekaa juu ya begi, shati safi, mikono haina masizi hata kidogo. Lori tupu likapita kwenda Songea. Dereva akapunguza mwendo, akamtambua, akainua mkono, akaongeza mwendo. Likaja la pili. Hilo lilikuwa na maandishi mekundu juu ya kioo, Mgeni Njoo, na kijana asiyejulikana na mtu akiliendesha. Nalo likapita. Rajabu alilitazama mpaka likazama kwenye kona.

"We mtumwa wangu!" Riziki akapaza sauti, na sauti ikamkatika kidogo katikati. "Nani kakupa ruhusa ya kukaa barabarani? Babu yangu hajakuuza bado, anangoja bei ipande! Umekaa hapo kama panya aliyetolewa shimoni. Kula makombo ya paka hayo uondoke, umetujazia nzi!"

Akangoja. Alingoja kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Alikuwa tayari kuitwa lolote, yeye, na Issa kaburini, na ukoo wake wote mpaka Masasi.

Rajabu akainuka. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Riziki."

Upepo wa lori jingine ukawapiga wote wawili. Riziki hakuitika.

"Nitukane, Rajabu," alisema. "Nakuomba. Nitukane hata kidogo tu."

"Nikutukane una kosa gani? Uliyoyasema ni kweli, niliapa nikabeba watu." Aliongea taratibu, bila chuki hata chembe, kama unavyoongea na mama wa mtu uliyemkuta safarini. "Chakula chako siku zote ni kitamu. Hakuna mpishi kama wewe njia hii yote. Mungu akuzidishie."

Miaka yote alikuwa anakiita matapishi ya mbwa.

Machozi yakamshuka Riziki, akayaacha yashuke. Rajabu hakukaa wala hakufunua sahani. Alisimama vilevile, ameinamisha kichwa kwa heshima, kwa kuwa mdogo hali chakula mbele ya mkubwa ambaye hajamwitikia.

"Nimekuamkia, Bi Riziki," akakumbusha kwa upole.

Barabara ilikuwa tupu. Riziki akashika pindo la kanga, akafuta uso.

"Marahaba," akasema.